Simba ya 2017 hadi 2021: Mataji Manne, Si Matano

Saa tatu usiku mchapaji mmoja wa fulana pale Kariakoo alinipigia simu. Hakuniuliza kama Simba iliwahi kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara mara tano mfululizo kuanzia 2017, maana hilo alishaliamini. Alitaka nimhakikishie tu mpangilio wa miaka mgongoni: 2017, 2018, 2019, 2020, 2021, mmoja chini ya mwingine, na juu yake maneno "Mara Tano Mfululizo". Mteja alishalipa nusu ya fedha. Nikamwomba asimamishe kazi kwanza tuzungumze, na tukazungumza karibu saa nzima.

Kazi yangu ni kutunza rekodi za klabu zetu msimu kwa msimu: nafasi kwenye ligi, mechi, pointi, Kombe la FA, Ngao ya Jamii, Kagame (kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati), mashindano ya Afrika. Wanaonitafuta ni watangazaji wanaoandaa vipindi, wanafunzi wanaoandika tasnifu, na watu waliowekeana dau kijiweni. Hii ya mara tano nimeisikia kutoka kwa wote hao, tena wengine ni watu wazima waliokuwepo uwanjani miaka hiyo. Sasa imeanza kuchapwa kwenye vitambaa. Nimechoka kuijibu kwa simu, ndiyo maana naiandika yote hapa, pamoja na nyingine chache zinazofuatana nayo.

"Simba bingwa mara tano mfululizo, 2017 mpaka 2021"

Simba ilitwaa ligi misimu ya 2017/18, 2018/19, 2019/20 na 2020/21. Hesabu mwenyewe: minne. Msimu wa 2016/17 bingwa ni Yanga, na msimu wa 2021/22 bingwa ni Yanga vilevile. Hakuna pa kuuchomeka wa tano.

Tatizo linaanzia kwenye ule mkwaju (/) unaotenganisha miaka miwili. Mtu anaona 2017/18, anaichukua 2017 na kuihesabu, kisha 2018, kisha 2019, na anapofika 2021 vidole vyake vimeshatimia vitano. Mchapaji wangu nilimwambia afungue kiganja atanue vidole. Vidole ni vitano, lakini nafasi zilizo kati yake ni nne. Msimu wa siku hizi ni ile nafasi iliyo kati: unaanza Agosti ya mwaka mmoja, unaisha Mei au Juni ya mwaka unaofuata. Misimu minne inagusa miaka mitano ya kalenda, na kombe linabaki moja kwa kila msimu.

Nadhani najua kwa nini kosa hili linang'ang'ania hata kwa watu makini. Baba zetu walihesabu kwa mwaka na walipata jibu sahihi. Ligi ilipoanza 1965, na kwa miaka mingi baada ya hapo, ubingwa uliandikwa kwa mwaka mmoja. Yanga ilitwaa 1968, 1969, 1970, 1971 na 1972: miaka mitano, mataji matano. Simba nayo ikajibu kwa 1976, 1977, 1978, 1979 na 1980: miaka mitano, mataji matano. Kwa hiyo "mara tano mfululizo" ni kauli ya kweli kabisa kuhusu Simba, ila ni ya Simba ile ya miaka ya sabini. Mzee aliyeishuhudia anamsimulia mjukuu, mjukuu anaichukua kauli na kuivalisha miaka ya juzi, na kanuni ya kuhesabu nayo inahama pamoja na kauli wakati kalenda yenyewe ilishabadilika.

Kalenda ilibadilika 2007. Mpaka 2006 ubingwa uliandikwa kwa mwaka. Mwaka 2007 ikachezwa ligi ndogo ya kuvusha, Simba wakaitwaa, halafu ukaanza msimu wa 2007/08 ambao Yanga waliumaliza wakiwa mabingwa. Ukikuta orodha yoyote ya mabingwa iliyoandika "2007" kisha "2008" bila mkwaju, jua mwandishi amerahisisha, na wewe ndiye utakayeteleza.

Chanzo cha pili ni kombe halisi. Mei 2017 Simba ilinyanyua kombe kweli, pale Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, baada ya kuifunga Mbao FC ya Mwanza mabao 2-1. Picha zipo, fulana nyekundu zipo, kombe linang'aa. Lile ni Kombe la FA. Mtu anakumbuka furaha ya 2017, anakumbuka furaha ya 2018, anaziunganisha kama mfululizo mmoja. Furaha zilifuatana kweli, lakini zilitokana na mashindano mawili tofauti.

Chanzo cha tatu ndicho kinachonigombanisha na watu, kwa sababu kina uchungu ndani yake. Msimu ule wa 2016/17 Yanga na Simba walimaliza wakiwa na pointi sawa, 68 kila mmoja katika mechi 30. Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Na Aprili 2017, msimu ukielekea mwisho, kulikuwa na mechi ya Kaitaba, Bukoba, ambayo Simba walifungwa na Kagera Sugar. Simba wakafungua shauri kwamba mchezaji mmoja wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya saa 72, ile ya usimamizi wa ligi, ikawapa pointi tatu. Baadaye uamuzi ukatenguliwa na pointi zikarudi Kagera. Kwa hiyo wapo mashabiki ambao hawajakosea kuhesabu hata kidogo. Wanaujua mkwaju, wanaijua FA, na bado wanaandika 2016/17 kuwa ya Simba kwa sababu moyoni wanaamini hivyo.

Nawaelewa. Pointi zile tatu zingebaki, msimamo ungesomeka tofauti. Lakini rekodi ya msimu inaandika ulivyomalizika, na ulimalizika Simba ikiwa ya pili. Anayetaka kuandika malalamiko ayaandike pembeni, kwenye safu ya maelezo, aeleze shauri lilianzaje na likaishaje. Mimi mwenyewe ninayo safu hiyo, na kwenye mstari huo imejaa. Nafasi kwenye ligi inabaki 2.

Mstari wenyewe kwenye daftari langu unasomeka hivi: Msimu 2016/17. Ligi: nafasi ya 2, mechi 30, pointi 68. Kombe la FA: bingwa, fainali Mbao 2-1, Dodoma. Afrika: haikushiriki. Maelezo: shauri la Kagera, ubingwa kwa tofauti ya mabao. Ukisoma mstari huo taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, utaona jinsi kosa lilivyozaliwa. Neno "bingwa" limo, mwaka 2017 umo, na jina Simba liko juu ya ukurasa. Anayesoma kwa kuruka anatoka na ubingwa wa ligi ambao haupo.

Sasa kwa wale wanaosema "kila mtu ana orodha yake, nani ajue ya kweli ni ipi". Kauli hii inaniudhi kuliko kosa lenyewe, kwa sababu inakata tamaa kabla ya kujaribu. Orodha ya mabingwa wa Bara inajikagua yenyewe kwa kujumlisha na kutoa. Kuanzia 1965 hadi 2006 ni mataji 42. Ongeza ligi ndogo ya 2007, yanakuwa 43. Kuanzia 2007/08 hadi 2024/25 ni misimu 18. Jumla 61. Sasa geukia upande wa klabu: Yanga 31, Simba 22, hapo tuna 53. Waliobaki ni Cosmopolitan wa 1967, Mseto wa Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar mara mbili, 1999 na 2000, na Azam 2013/14. Hao ni mataji manane. 53 na 8 ni 61. Pande zote mbili zinakutana.

Mpe Simba la tano la mfululizo, anakuwa na 23, na jumla inakuwa 62 ndani ya misimu 61. Maana yake kuna msimu mmoja una mabingwa wawili, na ukiutafuta utaukuta ni 2016/17, ambao tayari umo ndani ya 31 za Yanga. Hesabu hii haijali unashabikia timu gani. Nimewafundisha watangazaji watatu kuifanya kabla ya kuingia hewani, na inawachukua dakika tano.

Tahadhari moja kwa watakaoifanya nyumbani: ukikuta kwenye orodha yako KMKM au Malindi, simama. Hizo ni klabu za Zanzibar, haziwezi kuwa bingwa wa Bara. Umechanganya Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu za Bara na za Visiwani, na ligi ya Bara. Pamba ya Mwanza na Majimaji ya Songea nazo zinaonekana kwenye orodha za Muungano. Kulikuwa na miaka yenye mabingwa wawili, kila mmoja wa mashindano yake, na waandishi wengi wameziweka orodha hizo mbili kwenye safu moja. Ziweke safu mbili. Daftari likikosa nafasi, nunua kubwa zaidi.

"Miaka ile minne Simba ilibeba kila kitu"

Hapana. Ligi iliibeba misimu yote minne. Kombe la FA ilibeba mara mbili: 2019/20, kwa kuifunga Namungo 2-1 kule Sumbawanga, na 2020/21, kwa kuifunga Yanga 1-0 pale Lake Tanganyika, Kigoma, kwa bao la Taddeo Lwanga. Misimu miwili iliyotangulia iliaga mapema, tena kwa namna ambayo mashabiki wameisahau kwa makusudi. Desemba 2017, ikiwa bingwa mtetezi wa kombe hilo, ilitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu iliyokuwa madaraja ya chini. Desemba 2018 ikafungwa 3-2 na Mashujaa ya Kigoma, ambayo wakati huo haikuwa Ligi Kuu.

Huu mstari wa 2018/19 naupenda kuliko yote katika daftari la Simba. Soma safu zake kwa pamoja: ligi bingwa, pointi 93, FA imetolewa na Mashujaa, Ligi ya Mabingwa Afrika robo fainali. Timu iliyofungwa na Mashujaa Desemba ndiyo iliyoifunga Al Ahly 1-0 Dar es Salaam miezi michache baadaye. Katika kundi hilohilo ilikuwa imefungwa 5-0 Kinshasa na AS Vita, na 5-0 nyingine Misri na Al Ahly, kisha ikavuka kwa kushinda nyumbani mechi zote tatu, na ikatolewa na TP Mazembe kwa 4-1 Lubumbashi baada ya suluhu ya Dar. Mtu anayekuambia kwamba msimu ule ulikuwa wa raha tupu hakuuishi, au ameusoma kwenye picha za ubingwa peke yake.

"Nafasi ya tatu ni sawa na kukosa kila kitu"

Hii inatoka kwa mashabiki wa klabu kubwa zote mbili. Matokeo ya msimu mmoja ndiyo mlango wa Afrika wa msimu unaofuata, na safu hizi mbili hazisomwi kwenye mstari mmoja.

Msimu wa 2023/24 Yanga walikuwa mabingwa kwa pointi 80. Azam na Simba walifungana kwa pointi 69, Azam wakachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao, Simba wakawa wa tatu. Nakumbuka maneno yaliyosemwa wiki ile. Lakini nafasi hiyo ya tatu iliwapeleka Kombe la Shirikisho 2024/25, na kule wakafika fainali. Walifungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco, wakatoka 1-1 katika mechi ya marudiano Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Nafasi ya tatu moja, fainali moja ya Afrika.

Vivyo hivyo, tiketi ya Kombe la Shirikisho la 2018 ilitokana na lile kombe la FA la Dodoma. Simba ilikuwa haijacheza Afrika tangu 2013. Ilicheza na Al Masry ya Misri, 2-2 Dar na 0-0 Port Said, ikatoka kwa faida ya mabao ya ugenini (jumla ikiwa sawa, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita) bila kufungwa mechi hata moja. Anayeliona kombe la 2017 kuwa dogo, na ndiyo maana anataka kuligeuza ubingwa wa ligi, hajui lilivyofungua mlango uliokuwa umefungwa miaka mitano.

"Fainali ya 2025 ilikuwa ya kwanza Afrika kwa Simba"

Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ni 1993, Kombe la CAF (shirikisho la soka la Afrika), dhidi ya Stella Adjamé ya Ivory Coast: 0-0 Abidjan, kisha 0-2 Dar es Salaam. Na ukiiandika, usiiandike "Kombe la Shirikisho". Kombe la Shirikisho lilianza 2004, baada ya CAF kuunganisha Kombe la CAF na Kombe la Washindi. Mwaka 1993 halikuwepo. Nimeona makosa haya mawili katika sentensi moja, mara nyingi mno.

Na 1974 Simba haikufika fainali ya klabu bingwa Afrika. Ilifika nusu fainali, ikatolewa na Mehalla El Kubra ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Hilo ni jambo kubwa linalojitosheleza, halihitaji kuongezewa hatua.

"Yanga hawakushindwa fainali ya 2023, kwa hiyo waandikwe mabingwa wenza"

Nimeombwa hili na watu watatu tofauti, wote wakiwa wamekunja nyuso. USM Alger walishinda 2-1 Dar, Yanga wakashinda 1-0 Algiers, jumla ikawa 2-2, na USM Alger wakachukua kombe kwa mabao ya ugenini. Kanuni hiyo ilikuwepo kabla mpira haujaanza. Mstari wa Yanga wa 2022/23 unasomeka mshindi wa pili, na matokeo ya mechi zote mbili yanaandikwa yote, ili kila anayesoma aone kwamba walishinda ugenini katika fainali. Mabingwa wenza hawapo kwenye kanuni hiyo.

"Azam ndiyo timu pekee iliyochukua ligi bila kufungwa"

Ziko tatu. Simba 2009/10, Azam 2013/14, Yanga 2021/22. Kwa nini watu wanaisahau ya Simba sijui, maana ndiyo bora zaidi kati ya zote ukiitazama kwa mechi: mechi 22, ushindi 20, sare 2, pointi 62.

Hapa naongeza jambo linalonikera karibu sawa na lile la mkwaju, nalo ni kulinganisha pointi za misimu tofauti kama vile ligi ilikuwa na ukubwa mmoja siku zote. Msimu wa 2009/10 ulikuwa na timu 12. Wa 2013/14 ulikuwa na 14, mechi 26, na Azam nayo ilimaliza na pointi 62. Sawa kabisa na Simba ukitazama namba, lakini Azam ilicheza mechi nne zaidi na ilipata sare nane. Msimu wa 2018/19 ulikuwa na timu 20, mechi 38, ndiyo maana Simba ilifika 93, na Yanga waliokuwa wa pili walikuwa na 86. Hizo 86 zinazidi pointi za karibu mabingwa wote wa miaka ya nyuma, lakini hakuna anayedai kwamba Yanga ile ilikuwa na nguvu kuliko Simba isiyofungwa ya 2009/10.

Gawanya pointi kwa mechi, basi. Simba 2009/10: 2.82. Yanga 2024/25, pointi 82 katika mechi 30: 2.73. Yanga 2021/22, pointi 74 katika mechi 30: 2.47. Simba 2018/19, na pointi zake 93: 2.45. Azam 2013/14: 2.38. Orodha imepinduka mbele ya macho yako. Yule wa 93, ambaye kila kipindi cha redio kinamtaja wa kwanza, yuko wa nne kati ya hawa watano. Ndiyo sababu sikubali kuandika pointi bila kuandika idadi ya mechi kando yake, na mtu akiniletea jedwali lenye safu ya pointi peke yake huwa namrudishia.

"Mataji ya Sunderland si ya Simba"

Ni ya Simba. Klabu ni ileile iliyoanzishwa 1936. Jina Sunderland lilibadilishwa kuwa Simba 1971. Ligi za 1965 na 1966 zimo ndani ya zile 22. Andika "Sunderland" kwenye mstari wa mwaka husika, kwa heshima ya jina lililokuwepo siku hiyo, na uendelee kuhesabu. Pan African ni habari nyingine: ilizaliwa kutokana na mgogoro ndani ya Yanga katikati ya miaka ya sabini, ikawa klabu yake yenyewe, na ubingwa wa 1982 ni wake. Yanga hawana haki nao, na wazee wa Yanga ninaowajua hawaudai.

"Ngao ya Jamii ni taji la msimu uliopita"

Ngao huchezwa mwanzoni mwa msimu, kwa hiyo inaingia kwenye mstari wa msimu unaoanza. Ngao ya Agosti 2020, Simba ilipoifunga Namungo Arusha, iko kwenye mstari wa 2020/21, kando ya ligi na FA za msimu huo. Kwa hiyo mstari huo una mataji matatu ya ndani. Ukiiweka kwenye 2019/20, unaunyima msimu mmoja na kuupa mwingine kisichokuwa chake. Na Ngao ihesabiwe kama Ngao. Kuna watu huitia kwenye jumla moja na ligi, FA, Kagame, hata kombe la Mapinduzi, kisha wanasema "makombe 50" bila kueleza ya nini. Simba ina Kagame sita, 1974, 1991, 1992, 1995, 1996 na 2002, na Yanga ina tano, 1975, 1993, 1999, 2011 na 2012. Hiyo ni safu yake. Ijazwe, isomwe peke yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza daftari lake ni mmoja, nami nimewashikia watu kiboko kwa ajili yake: usiandike mwaka mmoja peke yake mahali popote baada ya 2007. Andika msimu na mkwaju wake, kisha jina la mashindano, kisha tarehe ya mechi iliyoamua. Tarehe ndiyo itakayokuokoa siku ligi ikichelewa, kama 2020 ilipositishwa kwa ajili ya korona na FA ikachezwa fainali Agosti, mwezi ambao kwa kawaida msimu mwingine huwa unaanza. Asiye na tarehe angeiweka fainali ile ya Sumbawanga kwenye msimu wa 2020/21, na tungekuwa na Simba mwenye FA mbili za msimu mmoja.

Mchapaji alinipigia tena kesho yake asubuhi. Mteja wake alikuwa amekasirika kwanza, kisha akafungua kiganja kama nilivyomwelekeza, akahesabu nafasi, akanyamaza. Wakakubaliana mistari minne: 2017/18, 2018/19, 2019/20, 2020/21. Juu yake "Mara Nne Mfululizo". Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mteja aliomba iongezwe 1976 hadi 1980, mara tano, kwa sababu baba yake alikuwepo.